Swali Nililolitunga

Kabla sijawaambia nilivyosifiwa, mjue kwanza kwamba sikuwahi kufanya kazi ya udobi popote kabla ya kuja hapa. Miaka minane iliyopita niliandika kwenye barua yangu ya maombi kwamba nina uzoefu wa miaka miwili. Dada yangu mkubwa, ambaye hajawahi kuajiri hata kuku, akajitolea kuwa bosi wangu wa zamani endapo simu ingepigwa. Haikupigwa. Leo mimi ni msimamizi.

Sasa, Mama Bosi alikuwa amechoka. Kupata mpiga pasi mmoja kulikuwa kunatuchukua wiki tatu: barua zinarundikana, watu wanaitwa, wanaitwa tena, na mashuka ya hoteli yanalala yamekunjamana.

"Nitengenezee utaratibu," akaniambia. "Watu waingie asubuhi, mchana nijue nani kabaki."

Nikaupanga, na ulikuwa mtamu, sifichi. Fomu ya ukurasa mmoja. Kisha shati moja, pasi moja, dakika sita. Anayefaulu, mdhamini wake, yaani bosi wake wa zamani, anapigiwa papo hapo, simu ikiwa kwenye spika. Na kwenye fomu nikachomeka swali dogo: huko ulikotoka mlikuwa wafanyakazi wangapi? Mdhamini naye anaulizwa hilo hilo. Majibu yakipishana, kwaheri. Sikulitoa hewani swali hilo. Ndilo nililokuwa nikiliogopa mimi enzi zile.

Siku ya kwanza walikuja kumi na mmoja. Binti mmoja anayetumia mkono wa kushoto alianza na kola, akamalizia mgongo, na dakika moja ikabaki. Bibi yetu wa kukunja nguo, ambaye kumsifu mtu kwake ni kama kung'olewa jino, akalishika lile shati akaligeuza mara mbili.

"Huyu msimwache," akasema.

Nikampigia mdhamini. Ikaja sauti ya kike, nzito ya kujilazimisha. Niliijua ile namna ya kuongea kabla hata hajamaliza salamu.

"Ndiyo, alikuwa kwangu. Mchapakazi sana huyo."

"Mlikuwa wangapi hapo kazini?"

Mtoto akalia nyuma yake. "Eeh... kama kumi na tano hivi."

Kwenye fomu binti alikuwa ameandika watano. Ningeweza kukata simu nikasingizia mtandao. Lakini Mama Bosi alikuwa amesimama nyuma yangu, na kichwa kilikuwa kimeshanivimba.

"Wamepishana," nikatangaza, kama niliyekamata jambazi.

"Lakini shati kalipiga!" bibi akalalamika.

"Shati si tatizo, bibi. Tatizo ni uongo." Ulimi wangu mimi ndio uliosema hayo.

Mama Bosi akanipiga begani. "Una jicho, wewe! Ila tusionekane tunawaonea wageni tu. Tupime na wa humu ndani. Lete faili lako, tuanze na wewe."

Binti alikuwa bado kwenye benchi, akisubiri vyeti vyake. Mama Bosi akanipa karatasi niandike idadi, kisha akabonyeza mwenyewe namba ya mdhamini iliyokuwa kwenye faili. Dada hajabadilisha namba hadi leo.

Mama Bosi akajitambulisha, akanitaja, akauliza. Dada hakusita hata kidogo.

"Huyo? Mwaminifu hasa, mama. Tulikuwa tisa, ukinihesabu na mimi."

Tisa. Tulikubaliana jikoni kwake, kwa tahadhari tu, na hatukuwahi kuitaja tena. Miaka minane yote alikuwa ameishika kichwani kwa ajili yangu. Nami kwenye karatasi nilikuwa nimeandika tisa.

"Umeona?" Mama Bosi akacheka. "Mkweli hababaiki. Haya, mrudishie huyo binti vyeti vyake."

Nilivichukua vile vyeti masikio yakiniwaka kwa aibu. Nilitamani binti anitukane, anitemee mate hata, nipate angalau kitu cha kustahimili. Akavipokea kwa mikono miwili.

"Nisamehe, kaka," akasema taratibu. "Yule ni dada yangu. Nilikuwa na shida ya kazi tu, sikuwa na nia mbaya."

Bibi aliacha kukunja, akatutazama. Mama Bosi naye alikuwa anasubiri nitasema nini.

"Nimekusamehe," nikamwambia.