Tua Mzigo Kwanza

Wewe mwenye mtoto mdogo, usimvute mkono. Najua utasema mama yako alikuvuta na mikono yako yote ni mizima. Mimi pia nilisema hivyo, mpaka ile Ijumaa ya soko.

Tulikuwa tunateremka kutoka kwetu mlimani kwenda Mpondwe, soko la mpakani pale chini ya Bwera. Mbele alitangulia mama mkwe wangu, Vasta, na kikapu cha parachichi. Nyuma nilikuja mimi na debe la maharage kichwani, na binti yangu Ronah, miaka miwili na nusu, ambaye asubuhi hiyo alikataa kabisa kubebwa. Tulipofika kwenye kona yenye utelezi akaketi chini. Hatembei tena. Anataka mgongo.

Sasa fikiri mwenyewe. Debe liko kichwani, mkono mmoja umelishika. Ukiinama, maharage yote yanakwenda bondeni. Kwa hiyo nikafanya tunavyofanya wote huku: nikamshika kiganja cha kushoto, nikamrusha juu kwa mkono mmoja ili atue mgongoni.

Kitu kikalia tak! ndani ya kiwiko chake. Sauti ndogo tu, kama njiti ya kiberiti inapokatika. Ronah akapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwake, hata siku aliyoungua na uji.

Nilipomshusha, mkono ulikuwa umening'inia ubavuni, kiganja kimegeukia nyuma, kama mkono wa shati lililoanikwa. Hakuuinua. Hakuukunja. Nikiugusa, analia upya.

Vasta akageuka. "Umemfanya nini mtoto?"

"Ameanguka, mama."

Hilo ndilo neno lililotoka, na likishatoka utalirudishaje? Mama mkwe amesema mara nyingi, mbele ya watu, kwamba mikono yangu ina haraka: inavunja vikombe, inamwaga chai ya wageni. Nimwambie sasa imemvunja mjukuu wake? Na mume wangu Nobert yuko mbali kazini, mjini Hima, hakuna wa kusimama katikati yetu.

Sokoni wanawake wakatuzunguka. Muuza vitenge mmoja wa ng'ambo, Mkongo, akamwona Ronah akaweka mikono kichwani. "Aa! Ule mutoto alivunjika! Muone mukono yake!"

"Twende kwa Mugenyi amfunge," akasema Vasta. Mugenyi ni mzee anayefunga mifupa kwa vijiti na kamba za mgomba. Wako waliopona kwake, simsemi vibaya. Lakini mimi peke yangu nilijua kwamba mtoto hakuanguka popote. Mzee angefunga nini?

"Hapana, mama. Kituo cha afya kwanza."

Ilikuwa mara ya kwanza kumkatalia mbele ya watu. Akanitazama mpaka masikio yangu yakawaka moto. Debe nikamwachia yule wa vitenge, ngata ya majani ya mgomba ninayowekea mzigo ikabaki mkononi mwangu bila mimi kujua, tukaenda.

Muuguzi wa siku ile anaitwa Aryemo, mtu wa kaskazini aliyekulia kambi ya jeshi. Lugha yetu, Lhukonzo, anaijua ya salamu tu. Kiswahili chake ni cha amri.

"Keti hapo! Mtoto amefanya nini?"

"Ameanguka, sista."

"Wapi?"

"Njiani. Kwenye jiwe."

Akambonyeza Ronah polepole begani, kwenye mfupa wa shingoni, kwenye kifundo cha mkono. Akatafuta uvimbe, hakuna. Akatazama magoti, hayana mchubuko. Gauni halina hata tope.

"Hiyo jiwe iko ya pamba?"

Nikamfuta Ronah kamasi. Vasta, kwenye benchi, akasema, "Mjibu daktari."

"Sikia, mama," akasema Aryemo, akianza kukata kipande cha boksi cha kufungia mkono. "Mtoto akianguka, mimi sigeuzi mkono yake. Pengine mfupa imevunjika, nikigeuza ninaharibu. Ninafunga, ninakupa barua, unakwenda naye Kasese apigwe picha. Lakini kama alivutwa, hiyo iko kitu ingine, naweza kumaliza sasa hivi. Mimi si polisi. Alianguka, ama ulimvuta?"

Ronah alikuwa amechoka kulia. Alikuwa anautazama mkono wake kama mkono wa mtu mwingine. Nikaona barabara ya Kasese na vumbi lake lote, nikaona mkono uliofungwa kwa sababu ya jiwe ambalo halipo. Mama mkwe alikuwa hatua mbili kutoka kwangu.

"Nilimvuta," nikasema. "Hakuanguka. Nilikuwa na debe kichwani, nikamwinua kwa mkono huu mmoja, kikalia tak."

Benchi likalia nyuma yangu. Aryemo akatupa boksi mezani.

"Safi! Lete hiyo ngata."

Akaichukua, akaingiza ngumi yake katikati ya tundu. "Tazameni wote wawili. Hapa chini ya kiwiko iko mifupa mbili. Moja inazunguka ukigeuza kiganja. Kichwa yake ni ya mviringo, kama ngumi yangu, na imeshikwa na ukanda wa mviringo, kama hii ngata. Wewe mkubwa, ukanda imekaza. Mtoto, bado imelegea. Ukivuta hivi..." Akavuta ngumi, ngata ikateleza, ukingo wake ukapanda juu ya vidole na kukwama. "Umeona? Ukanda inabanwa. Mfupa haijavunjika. Imepotea nyumba yake tu."

Kisha akaniwekea Ronah mapajani. Akakishika kiwiko, dole gumba likiwa pembeni pale penye kichwa cha mfupa. Mkono wake mwingine ukageuza kiganja cha mtoto kitazame juu, na papo hapo akaukunja mkono wote mpaka vidole vikakaribia bega. Ronah akalia mara moja. Nami nikasikia, nakuapia, tik. Ile tak ilikuwa imerudi nyumbani.

"Sasa ngojeni."

Tukangoja. Dakika tano, hakuna. Dakika nane, mkono bado umelala. Aryemo akatoa ndizi mbivu kwenye droo yake, akanionyesha nishike mkono wa kulia wa Ronah, ule mzima, akaipeleka ndizi juu upande wa kushoto.

Ronah akaitazama. Akanitazama mimi. Kisha mkono wa kushoto ukapanda! Ukapita kifua, ukapita kidevu, ukanyooka wote, vidole vitano vikakamata ndizi na kuipora.

Nikapiga kigelegele ndani ya kituo cha afya. Wagonjwa wa nje wakachungulia.

"Nyamaza, hii si harusi!" akafoka Aryemo, naye anacheka. "Na msiende kujaribu nyumbani. Siku ingine itakuwa imevunjika kweli, mtaniharibia mtoto."

Nikageukia benchi kupokea adhabu yangu. Vasta alikuwa anafuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Nobert, mtoto wangu," akasema polepole. "Alikuwa kama huyu. Nilimvuta kwenye kivuko cha mto, siku mbili hakuinua mkono. Nikasema jirani amemroga. Hatukusalimiana na yule mama miaka saba." Akainuka, akanishika bega. "Na wewe umesema kwa dakika moja."

Tulipopita sokoni Ronah alikuwa anapunga kwa mkono uleule, ganda la ndizi likiruka huku na huku. Yule wa vitenge akaruka. "Mukono imerudi! Muone!" Akampigia makofi, na mstari wote wa wauza samaki ukapiga.

Jioni, kwenye kona ileile, Ronah akaketi chini na kuinua mikono yote miwili. Maharage yalikuwa yameuzwa, sasa nilikuwa na sukari na chumvi kichwani. Nikatua mzigo. Nikainama, nikamshika kwapani, huku na huku, nikamweka mgongoni. Vasta mwenyewe akaniinulia mzigo akauweka juu ya ngata.

Sasa kila nikimwona mama njiani anashika kiganja cha mtoto, napaza sauti: "Kwapani! Tua mzigo, mshike kwapani!" Wananicheka, wananiita Mama Kwapani. Na waite. Mlima una mwangwi, na Vasta ananishinda kwa sauti.