Jiwe la Marsela

"Hyasinta, leo mdomo uuache hapa hapa jikoni," Marsela alisema, akimfunga mwanawe kitenge kiunoni kuficha sketi. "Tukirudi utaukuta."

"Na nikiulizwa jina?"

"Nitakujibia mimi."

Sketi yenyewe ilikuwa imechoka. Ilishashushwa pindo, ikatiwa viraka nyuma, na bado msichana alizidi kurefuka kama vile hajui nchi haina vitambaa. Ijumaa mwalimu wa zamu alimrudisha nyumbani: bila sketi mpya asionekane darasani. Na hilo ni darasa la saba, mtihani unabisha hodi. Jioni ya siku hiyo hiyo ndipo lori la Karatu liliposhusha jora la kitambaa cha bluu cha sare kwenye duka la kijiji. Jora moja, kijiji kizima.

Basi akina mama walipanga mawe. Foleni ya pale ilikwenda hivyo: unaweka jiwe lako mlangoni jioni, unarudi kukamua ng'ombe na kulala, asubuhi unasimama nyuma yake. La Marsela lilikuwa kipande cha jiwe la kusagia, kila mtu alilijua. Alikuwa ameliweka la tatu.

Walilikuta mkiani. Mbele palikuwa na mawe mageni, na nyuma ya la kwanza alisimama mwanamke mgeni kutoka Endabash, aliyefika asubuhi ile: shangazi wa Raphaeli, yule muuza duka. Akina mama walitazama miguu yao. Marsela naye akatazama yake. Pengine jora lingefika mkiani, nani ajuaye.

"Shikamoo shangazi," Hyasinta akasema, kwa adabu zote. "Jiwe lako lina maji bado. Jana halikulala hapa, lililala mtoni."

Kicheko kilipita kwenye foleni. Raphaeli akatoka na mkasi mkononi.

"Mama Hyasinta, huyu mtoto umemlea wewe au amejilea?"

Tangu mwaka jana Hyasinta alikuwa anajibizana na kila mtu: baba yake, katekista, hata ndama. Kufinywa alifinywa, kuombewa aliombewa, na wapi.

"Apige magoti amwombe shangazi radhi," Raphaeli akasema, "na nyinyi nawakatia kitambaa wa kwanza kabisa. Akikataa, sketi mtaiota."

Hyasinta alimtazama mama yake. Yule yule aliyebishana hadi juu ya chumvi ya mboga, macho yalikuwa yamemjaa machozi, na magoti yakaanza kukunjika. Alikuwa anafanya hivyo kwa ajili ya mama, na Marsela aliliona, likamchoma. Alimpenda mtoto yule mpaka akakasirika.

Akamshika kiwiko. "Simama."

"Mama, kitambaa..."

"Simama, nimesema. Raphaeli, mwanangu amesema uongo?"

Raphaeli alirudi ndani. "Mwingine," akaita dirishani. Shangazi akasogea. Nyuma yake akina mama wakasogea mmoja mmoja, na Marsela hakuwalaumu. Nao walikuwa na watoto.

Hawakupata hata kipande. Jora lilipokwisha na dirisha kufungwa, Marsela aliliinua jiwe lake, akalibeba mpaka mlangoni, akaliweka katikati ya kizingiti.

"La nini tena?" Raphaeli akauliza kutoka ndani.

"La lori lijalo."

Wakashika njia ya nyumbani. Vumbi jekundu liliwapanda hadi magotini.

"Nisamehe, mama. Mdomo niliusahau kuuacha."

"Siku nyingine uchelewe kidogo. Tukishakatiwa ndio useme."

Hyasinta akacheka, halafu akaacha. "Na Jumatatu?"

"Utavaa hiyo hiyo. Nitaongeza kiraka."

"Mwalimu atanirudisha."

"Akikurudisha usije nyumbani. Kaa mlangoni pa darasa, usikilize somo ukiwa pale pale."

"Akiniuliza nimekaa kwa ruhusa ya nani?"

Marsela alimfunga upya kitenge kilichokuwa kinalegea, akakikaza vizuri.

"Mjibu," akasema. "Wewe hukosi la kusema."