Ripoti ya 31

Katika klabu ya redio ya shule moja ya bweni huko Wabera, jina la Lochoro lilikuwa limeoza. Muhula uliopita aliandika kwenye daftari la mawasiliano kwamba amezungumza na mwezi, kisha na jiko la shule, QTH: sufuria ya maharagwe. QTH ni mahali kituo kilipo, na daftari la redio halitaniwi. Mwalimu Rahab, mlezi wa klabu na mwenye leseni, alimsamehe huku akimwonya: uongo mwingine mmoja tu, na kiti cha redio atakisahau.

Jumamosi mwalimu akaitwa ofisini kidogo. Lochoro, aliyeachiwa zamu, akaita CQ, yaani yeyote anayenisikia anijibu. Kutoka kwenye mvumo kama wa mafuta ya mandazi, mtu wa Finland akajibu. Lochoro akaandika daftarini. Hapakuwa na shahidi, maana mwongo hana bahati siku anaposema kweli.

Kimotho, mwenyekiti wa klabu, aliusoma mstari ule kwa huruma ya daktari mwenye habari mbaya.

"Finland? Juzi ulikuwa mwezini, mzee. Naona umeanza kushuka."

Mwalimu aliporudi, Kimotho akamshtaki Lochoro kwake papo hapo. Lochoro akaapa kwa mbuzi wote wa baba yake walioko Kinna. Kimotho akakumbusha, kwa upole, kwamba baba huyo ni fundi wa pikipiki Kiwanjani na hana hata kwato.

Mwalimu Rahab alifunua kurasa za nyuma, kidole kikishuka kwenye safu ya ripoti, pale Lochoro anapoandika jinsi alivyosikika upande wa pili. Mwezi: 59. Jiko: 59. Hiyo ndiyo alama ya juu, sauti wazi na yenye nguvu. Mstari wa leo: 31, QSB. Yaani alisikika kwa taabu, sauti hafifu, ikija na kupotea.

"Kimotho," akasema, "huyu akidanganya hujipa 59. Hii 31 amepewa."

Akatia sahihi. Kimotho akatoka kwenda kukaza waya wa antena ambao haukuwa umelegea.

Lochoro alibaki na kiti chake. Alikuwa ameokolewa na udogo wa sauti yake, jambo ambalo hakuona haja ya kulitangaza bwenini. Akavuta kipaza sauti karibu na mdomo, akakohoa kama askofu, akaita CQ tena, polepole, neno kwa neno.