Yosefu wa Jakaranda

Mti ukipasuka hautoi kishindo. Unatoa mlio mdogo tu, kama mtu anayealisha vidole, kisha kimya. Niliusikia nikiwa kwenye kivuli cha ghala, nakula papai na kujipongeza, nikadhani ni kuku amekanyaga kijiti. Ulipokuja mlio wa pili niligeuka, nikamwona Mtakatifu Yosefu, aliyekuwa amelala chali juani juu ya gunia, ana ufa uliotoka begani hadi karibu na tumbo.

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, na ni mimi niliyemlaza pale, kwa nia njema kabisa.

Majuma matano kabla ya siku hiyo nilikuwa nimeondoka kwetu Mukurweini, Nyeri, bila kumwambia mtu. Ulikuwa mwaka 2013. Stashahada yangu ilikuwa sandukuni, kazi haikuwepo, na kila jioni baba alinitazama kama anavyotazamwa ng'ombe aliyekauka maziwa. Nikanunua begi kubwa la mgongoni katika soko la Gikomba, la mtumba, lenye mikanda mingi ambayo hadi leo sijui nusu yake ilikuwa ya kazi gani. Nilikuwa nimewaona vijana wa Kizungu wakipita Nyeri na mabegi ya namna hiyo, wamebabuka kwa jua na wamefurahi, na hakuna aliyewauliza wanaenda kwa nani. Nami nikaamua kuizunguka nchi yangu vivyo hivyo, kwa miguu, bila ratiba. Nilichosahau ni kwamba Mzungu akibeba begi ni mtalii, lakini mimi, Gatimu, nikibeba begi lile lile ni mshukiwa.

Nilipofika Ndithini walinizingira wanaume watatu waliotoka shambani na majembe mabegani.

"Unaenda kwa nani?" akauliza mmoja.

"Siendi kwa mtu. Ninatembea tu."

Wakatazamana. "Mtu anatembea tu?"

Wakalipekua begi wakitafuta vifaa vya kupimia ardhi, kwa sababu mwaka uliotangulia alikuwa amepita kijana mwingine mpole kama mimi, na nyuma yake yakaja mawe ya mipaka. Walipokuta soksi chafu na daftari, nadhani walinionea huruma. Wakanipa viazi vitamu vya moto na kunionyesha njia ya mkato. Nilipofika Ekalakala nililala katika chumba cha kukodi, nikaamka nimeibiwa simu na viatu vyangu vya kupandia milima. Asubuhi hiyo hiyo muuza ndengu mmoja sokoni, Kamanthe, aliitazama miguu yangu mitupu, akacheka hadi akajishika kiuno, kisha akaniletea sandali za tairi za marehemu mumewe. Hivyo ndivyo safari ilivyokuwa. Mmoja anakunyang'anya, mwingine anakulisha, na huenda wote wawili ni watu wa soko moja.

Naipenda barabara ile kuliko nilivyoipenda nilipokuwa juu yake. Nakumbuka vumbi jekundu lililoingia hadi kwenye mishono ya nguo, moshi wa kuni kavu alfajiri, na ule ukingo mrefu wa uwanda wa juu wa Yatta, umenyooka kana kwamba mtu ameupitishia msumeno. Nakumbuka jinsi nilivyokuwa mwepesi. Hakuna aliyeningoja popote, na upumbavu wangu ulinifanya niuite huo uhuru.

Ukanda wa sandali ulinila kisigino taratibu, na nilipofika Wamunyu, mji wa wachongaji, mguu ulikuwa umevimba na unatoa harufu. Nilikuwa natetemeka kwa homa chini ya jua la saa nane mchana. Nikaketi nje ya karakana ya kwanza niliyoiona. Ndani yake mchongaji mwembamba alikuwa akimtoa twiga kwenye gogo kwa tezo. Alinitazama, akautazama mguu, akaendelea hadi shingo ya twiga ikatimia. Kisha akaita kuelekea nyumbani, "Mama Mumo, kuja uone. Kuna mtu hapa anaoza."

Mchongaji huyo alikuwa Mulwa. Mama Mumo ni mkewe, Syombua, aliyekuwa akipiga msasa kila kilichotoka mikononi mwa mumewe. Aliniosha kidonda kwa maji ya chumvi, siku ya pili akanipandisha pikipiki hadi zahanati, akanilaza katika kitanda cha mwanawe, Mumo, aliyekuwa shule ya bweni. Nilikaa kwao siku kumi na nane. Waliniuliza nimetoka wapi, nikasema Nyeri. Sikuongeza neno, nao hawakunichimba.

Syombua aliniita mtu wa githeri, chakula chetu cha mahindi na maharagwe. Kila aliponipakulia muthokoi, mahindi yale yaliyokobolewa yakawa meupe na laini, alinihubiria. "Ninyi mnakula hiyo mahindi na maganda yake kama punda," angesema. "Kula hii. Ukirudi kwenu utalia." Nilikula hadi nikaona haya. Mulwa yeye hakuwa mtu wa maneno. Mguu ulipopata nafuu alinitupia kipande cha msasa na kifaru kidogo, akaniacha nijue la kufanya. Jioni nilichechemea hadi mto Athi kuoga, na nikirudi nilikuta sahani yangu imefunikwa.

Wakati ule Mulwa alikuwa na kazi moja kubwa kuliko zote. Waumini wa kigango kipya walimwagiza sanamu ya Mtakatifu Yosefu, ya kumfikia mtu kifuani, ambayo askofu angekuja kuibariki mwezi wa Oktoba. Muhugu, mti mgumu wanaoupenda wachongaji, ulikuwa umekwisha kuwa adimu, kwa hiyo alimchonga kwa jakaranda mbichi iliyokatwa nyuma ya nyumba yake. Miezi miwili alikuwa juu ya sanamu ile. Uso aliurudia mara tatu. Alipomaliza alimfunga Yosefu kwa magazeti, akamzika ghalani ndani ya unga wa mbao kama maiti, akafunga mlango. Hakunieleza kwa nini. Wamunyu hakuna mtoto asiyejua sababu, na mtu haelezi jambo ambalo watoto wanalijua.

Jumanne moja Mulwa na Syombua walikwenda Machakos mjini kumtembelea Mumo shuleni. Nikabaki na kuku. Nilitaka warudi wakute nimefanya jambo la maana, kwa sababu kula kwa watu siku kumi na nane bila kurudisha chochote kulikuwa kumeanza kunilemea. Nikafagia ua, nikateka maji, nikaingia ghalani kupanga vitu. Nikaona ni vizuri nimchungulie Yosefu. Nilipofunua magazeti, ndevu zake zilikuwa zimeota ukungu wa kijani.

Nilishtuka sana. Sisi ni watu wa kahawa. Kwetu ukungu ni msiba, na dawa yake tunaijua tangu tukiwa na miaka sita: toa kahawa nje, itandaze juani, igeuze mara kwa mara, usisinzie. Basi nikambeba Yosefu kifuani, mzito kama mlevi, nikamlaza mahali jua lilipokuwa kali zaidi. Nikampangusa ndevu. Nikawa namgeuza kila baada ya nusu saa, mgongo, kifua, ubavu, kama baba alivyonifundisha. Nilifanya kazi nzuri. Nilifikiria jinsi Mulwa angetikisa kichwa na labda hata kusema kitu.

Mti mbichi hukaushwa polepole gizani, miezi mingi, ndipo ukubali. Hilo nililijua saa tisa alasiri, wakati ufa ulipokuwa tayari unaingia kidole.

Nakumbuka nilijaribu kuubana ufa kwa mikono yote miwili, kama mtu anayeziba jeraha. Nilifikiria askofu, nikafikiria ule uso uliorudiwa mara tatu, lakini zaidi nilifikiria macho ya Syombua akiingia uani. Ningeweza kustahimili kupigwa. Kutazamwa na mtu aliyeniosha kidonda, hapana. Niliogopa, na niliona aibu, na vitu hivyo viwili vikanishika mikono kila kimoja upande wake.

Nikamrudisha Yosefu katika unga wa mbao. Nikaingia chumbani kwa Mumo, nikaliweka begi langu juu ya kitanda likiwa na kila kitu ndani, nguo, daftari, hata kitambulisho cha chuo chenye picha yangu. Ndiyo ilikuwa mali yangu yote duniani, na niliona kwamba kuiacha ni kulipa. Niliondoka na nguo nilizovaa na noti chache mfukoni. Barabarani nikasimamisha lori la mchanga, na kesho yake jioni nilikuwa Mukurweini. Baba alinisogezea kiti.

Kwa miaka kumi na miwili nimeisimulia safari ile, na watu hucheka sana. Nawaigizia wale wanaume wa Ndithini, namwigiza Kamanthe na kiuno chake. Nikifika Yatta naikatisha. Hata Wangare, mke wangu, alidhani safari iliishia huko. Kisha mwaka huu binti yetu, Wamucii, alishika kovu la kisigino changu na kuniuliza nani aliniponya. Nikamweleza. Akasikiliza vizuri, kisha akauliza, "Halafu ulipoondoka uliwaambia nini?"

Agosti nikaenda Wamunyu.

Karakana ilikuwa pale pale, imeongezewa mabati. Mulwa alikuwa na nywele nyeupe na miwani iliyofungwa kwa uzi. Nilisimama mbele yake na hotuba niliyoiandaa njia nzima.

"Mzee, habari yako. Ni mimi, Gatimu."

Tezo ikasimama hewani. Alinitazama usoni, akanitazama miguu, akarudi usoni. Kisha akateremsha tezo kwenye gogo na kuendelea kuchonga, kwa mapigo yasiyolingana.

"Mzee, ule Yosefu. Ni mimi nilimweka kwenye jua."

"Najua."

"Nimekuja kulipa."

"Kulipa nini?" Hakuinua kichwa. "Ule ufa nilijaza na gundi na unga wa msasa. Asubuhi moja. Nikapaka rangi ya viatu juu. Askofu akabariki, hakuna mtu aliona. Wewe nilikutafuta siku nne."

"Wapi?" nikauliza.

"Kwa mto."

Syombua alikuwa ametoka nje kwa kusikia sauti. Aliponiona alikaa chini pale pale mlangoni, mikono ikiwa na unga. Ni yeye aliyenieleza, polepole, huku akinishika kifundo cha mguu kana kwamba nitapotea tena.

"Mtu gani anaenda safari anaacha begi yake?" akasema. "Na kitambulisho. Na ulikuwa unaenda kuoga huko Athi kila jioni na mguu mbaya. Tukasema ni mamba. Huyu akaingia kwa maji na kamba kwa kiuno, na hajui kuogelea. Vijana wanashika kamba, mimi napiga kelele kwa ukingo. Siku ya nne chifu akamwambia awache. Tukatuma watu Nyeri na ile picha yako. Nyeri ni kubwa."

Nilikuwa nimebeba ufa wa sanamu kwa miaka kumi na miwili, nao haukuwa kitu. Mzigo wenyewe walikuwa wameubeba wao.

"Kila Novemba," Syombua akaendelea, "ile karatasi ya majina ya marehemu ikipita kanisani, naandika baba yangu, mama yangu, dada yangu Kavindu, halafu wewe. Tunawaombea wote." Akanitikisa mguu kidogo. "Sala zote hizo, mtu wa githeri. Na wewe ulikuwa unakula tu huko kwenu."

Alicheka, nami nikalia mbele yao wote wawili, mtu mzima mwenye mke na mtoto. Mulwa aliendelea na gogo lake.

Nililala kwao siku hiyo. Mulwa alikula nasi muthokoi bila kunisemesha, ingawa aliponiona sahani yangu imeisha aliisukuma sufuria upande wangu. Nilielewa kwamba hakunisamehe, na kwamba hasira yake ilikuwa na haki yote. Kumpenda mtu kiasi cha kumfuata majini, kisha kugundua kwamba alikuwa hai na akanyamaza tu, si jambo la kufutwa kwa mlo mmoja.

Asubuhi nilimwandikia Syombua jina la kijiji chetu na nambari ya simu, na jinsi ya kufika ukishuka kwenye kiwanda cha kahawa. Akaikunja karatasi na kuitia ndani ya Biblia. Kisha nikaenda karakana. Mulwa alikuwa ameshaanza kazi. Maneno yenyewe ni mafupi, lakini yalinichukua muda.

"Mzee, mimi naenda sasa. Nimekuja kuaga."

Akapiga tezo mara mbili tatu, akaiweka chini. Akapangusa mabanzi magotini, akainuka akijishikilia kwenye gogo, akanitangulia. Tulitembea hivyo, yeye mbele, mimi nyuma, mwendo wake ukiwa mzito, hadi barabara ya lami. Tulipofika aligeuka, akavua miwani, akanitazama.

"Haya, enda," akasema. "Nimekuona ukienda."