Wimbo wa Kumfunika Kawira

Filimbi ililia ukungu ukiwa bado umelala juu ya mashamba, na wanawake wakaanza kuteremka handakini, jembe begani, mmoja nyuma ya mwingine. Juu ya ukingo Mzee Kinoti alikuwa amekwisha kutangulia na fimbo yake ya mwanzi. Aliilaza chini, akachora mstari, akaiinua, akailaza tena. Kati ya mstari na mstari ndipo palipokuwa na kipande cha mwanamke mmoja. Asiyekimaliza alilazwa posti, kituo cha walinzi, bila chakula, na asubuhi alikuta kipande cha jana kinamngoja pamoja na cha leo.

"Mama Mbaabu, hapa," Kinoti alisema akitazama pembeni.

"Ndiyo, baba," Kawira alijibu. Naye alitazama pembeni.

Kinoti alikuwa ndugu mdogo wa baba mkwe wa Kawira, kwa hiyo naye alikuwa mkwe. Kwa Wameru, mke wa mtoto hali chakula mbele ya mkwewe, hampiti karibu njiani, wala neno la choo au la damu halitajwi kati yao. Zamani heshima hiyo haikuwa mzigo, maana njia zilikuwa nyingi na kila mji ulikuwa na ua wake. Lakini Hali ya Hatari ilipokuja, serikali ya kikoloni ilichoma miji ile, ikawasukuma watu wote katika kijiji kimoja cha vibanda vilivyopangwa safu safu, ikakizungushia miti iliyochongwa. Kinoti ikamfanya mkubwa wa kijiji. Pasi, karatasi ya ruhusa ya kutoka pale, hata ya kwenda hospitali, ilitoka mkononi mwake tu.

Na ugonjwa wa Kawira ulikuwa wa matumbo.

Ulimshika alipokuwa akimnyonyesha mwanawe Mbaabu. Tumbo lilimsokota kama nguo inayokamuliwa, likamwendesha mara nyingi kwa siku, na alichotoa kilikuwa na damu. Kuna miezi lilitulia, akarudisha mwili kidogo, akadhani limekwisha. Kisha lilirudi. Mumewe Mutugi alimpeleka kwa daktari wa misheni, naye akawaambia bila kuwaficha kwamba ugonjwa huo hauponi, ila una dawa ya kuutuliza, na mgonjwa sharti aonekane kila mwezi. Kisha malori ya askari yalikuja, Mutugi akapelekwa kizuizini, na ule "kila mwezi" wa daktari ukafia langoni mwa kijiji.

Handaki lilikata kati ya mashamba na msitu ili wapiganaji wa Mau Mau waliojificha humo wasipate chakula. Aliyekanyaga ukingo wa upande wa msitu alipigwa risasi bila kuulizwa. Upande wa kijiji palikuwa pamefyekwa, hapana hata kichaka cha kumficha kuku, na homugadi, vijana wa kijiji waliopewa bunduki na serikali, walitembea juu yake. Waliochora handaki lile walifikiria kila kitu isipokuwa kwamba wachimbaji wake wana matumbo.

Wiki ya kwanza Kawira alijikaza mpaka akajichafua. Alisimama uso ukiwa ukutani mwa handaki, shuka imelowa, akiomba udongo umwangukie. Mwanamke mzee aliyechimba jirani yake, Felicitas, alichota tope kwa mikono miwili akampaka mgongo mzima hadi miguuni, kisha akajipaka mwenyewe. Phyllis, msichana aliyeolewa mwaka ule, alitazama, akaelewa, akajitupa topeni kwa makalio.

"Kumbe leo ni sherehe!" alisema. Kabla jua halijapanda sana, wanawake wote wa kundi lile walikuwa wamepakaa tope, na hapakuwa na homugadi ambaye angeweza kujua ni yupi aliyejichafua.

Tangu siku hiyo walikuwa na utaratibu wao. Kila asubuhi Phyllis alichimba kishimo chini kabisa ya handaki. Kawira alipohisi tumbo linaanza, alimgusa Felicitas kiwiko. Felicitas aliinua sauti yake iliyokwaruza, akaanzisha wimbo wa kupalilia mtama. Wengine walisogea, wakamzunguka wakiwa wamempa migongo, shuka zimetandazwa, na wakaimba kwa nguvu ili sauti ya tumbo la mwenzao isisikike juu. Wimbo ulipoisha, kishimo kilikuwa kimekwisha kufukiwa. Kisha waligawana kumalizia kipande chake.

"Wewe unatuimbisha kuliko padri," Phyllis alimwambia siku moja. Kawira alicheka hadi akashika mbavu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuucheka ugonjwa wake.

Asubuhi ile ya ukungu tumbo lilianza mapema. Aligusa kiwiko, wimbo ukapanda, migongo ikamzunguka. Alikuwa amechutama, jasho likimtoka, aliposikia gari likisimama na Mithika, kijana wa homugadi, akipiga kelele kutoka juu.

"Si niliwaambia? Sikieni! Wanaanza ghafla, wananyamaza ghafla!"

Wimbo ulikatika. Kawira alijifunga shuka haraka. Felicitas alifukia kishimo kwa mguu.

Bwana DO, ofisa wa wilaya, alisimama ukingoni, Kinoti kando yake na fimbo. Alikuwa mzungu kijana, pua imebabuka kwa jua. Usiku wa kuamkia jana watu wa msituni walikuwa wamevuka handaki karibu na pale, wakachukua ng'ombe, na DO alitaka mtu wa kulaumiwa.

"Hii wimbo nani nafundisha?" aliuliza. "Nyinyi naita Mau Mau?"

"Ni wimbo wa mtama, bwana," alisema Felicitas.

"Mtama iko wapi hapa?"

Homugadi walicheka. Felicitas hakucheka.

"Kama hakuna mtama, bwana, si sisi tuliong'oa."

Kicheko kilikufa. DO alimwonyesha kidole. "Huyu mama mzee nataka yeye. Lete juu."

Mithika na mwenzake waliteremka. Felicitas aliwapa mikono yake mwenyewe, bila kugeuza macho upande wa Kawira. Wanawake walitazama chini. Kila mmoja alikuwa na maneno mawili ambayo yangemwokoa mzee yule, na kila mmoja aliyameza, kwa sababu mkwe wa Kawira alikuwa amesimama pale juu na maneno hayo hayakuwa yao.

Yalikuwa ya Kawira. Alitembea hadi chini ya ukingo, akainua uso, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe akamtazama Kinoti machoni.

"Baba," alisema, "wimbo ni wangu. Mimi ni mgonjwa. Ninaharisha damu tangu Mbaabu yuko mgongoni. Hapa hakuna pa kwenda. Wenzangu hunizunguka na kuimba ili wewe na vijana hawa msinisikie nikienda choo. Hakuna mtu wa msituni tunayemwita. Mwambie bwana."

Alikuwa amesema kwa Kimeru, na DO hakuelewa. Kinoti alikunja uso kama mtu aliyetemewa mate. Homugadi wote walikuwa wamesikia. Jioni watasimuliana posti kwamba mke wa mtoto wa Mzee Kinoti hujisaidia mbele ya bunduki, kwamba alimtajia mkwewe kinyesi mchana kweupe.

"Yeye nasema nini?" DO aliuliza.

Kinoti alimgeukia DO.

"Anasema uongo, bwana. Anamtetea huyu mzee."

Kawira aligeuka kwa DO. "Bwana, tumbo," alisema kwa Kiswahili kidogo alichokuwa nacho, akijishika. "Tumbo, damu."

"Kila mtu hapa iko na tumbo," alisema DO. Akampungia dereva mkono.

Felicitas alipandishwa nyuma ya gari. Kutoka juu alipaza sauti: "Phyllis, usisahau kishimo!" Kisha mlango ulifungwa.

Amri mpya ilitoka hapo hapo. Hakuna kuimba handakini. Hakuna wanawake wawili kusimama pamoja. Kinoti aliwapanga upya mwenyewe, mbali mbali, hata mkono wa mmoja usiweze kumfikia mwingine. Kipande cha Felicitas kiligawanywa, kila mmoja akaongezewa.

Jua lilikuwa juu ya vichwa wakati tumbo la Kawira liliporudi. Safari hii halikumpa hata nafasi ya kuomba. Alitafuta kiwiko cha kugusa, kulikuwa na hewa tu. Kulia kwake palikuwa na Phyllis, mbali. Juu walikuwa homugadi, na Kinoti katikati yao. Kawira aliliachia jembe. Alichutama pale pale, mbele ya watu, akafunika uso kwa viganja, kwa sababu uso ndio pekee alioweza kuuficha.

Phyllis alimwona. Alisimamisha jembe, akageuka akatazama ukuta wa handaki, mgongo wake kwa Kawira. Aliyefuata naye akageuka. Kisha mwingine, na mwingine, hadi kule handaki linapopinda, wanawake wote wakawa wamesimama peke yao kila mmoja, kimya, nyuso zimegusa udongo.

"Chimbeni!" alipiga kelele Mithika. "Mmefanywa nini? Geukeni!"

Kinoti alipuliza filimbi. Akapuliza tena. Hakuna jembe lililoinuka. Mithika aliinua bunduki, akatazama alikokuwa akiielekeza, migongo tu ya akina mama, mmoja wao shangazi yake. Akaishusha. Polepole, kama anayetafuta kitu alichoangusha, naye akageuka. Vijana wengine wakageuka.

Kinoti akabaki. Katika handaki lote na kwenye ukingo wake wote hapakuwa na macho mengine yaliyomtazama Kawira ila ya mkwewe. Filimbi ilimponyoka mdomoni. Aliinamisha kichwa, kisha akageuka upande wa msitu, akasimama hivyo mpaka aliposikia jembe la Kawira likifukia.

Jioni ilifika. Kinoti alipita na fimbo akipima. Kwa wengine alitikisa kichwa kuwaruhusu. Alipofika kwa Kawira aliilaza fimbo, na kipande kilikuwa pungufu, maana hakuna aliyeweza kumsaidia.

"Baba," alisema Kawira, "nipe pasi ya hospitali. Na umrudishe Nyanya Felicitas. Sasa umejua."

Kinoti aliinua fimbo akaifuta tope kwa kiganja, taratibu, upande mmoja na mwingine.

"Hujamaliza kipande," alisema. Akamwashiria Mithika ampeleke posti.