Pacha Aliyepelekwa Vitani

Damu! Damu! Mwaka ule wa hamsini na nne kila mtu Garissa alijifanya mganga wa damu. Alio alikuja asubuhi, chai haijachemka, akasimama mbele ya nyumba yangu ya mikeka, akasema amekuja kumchukua ngamia wake, yule mtamba waliyetuletea kwa posa ya binti yangu Shukri. Eti posa imevunjika.

"Imevunjwa na nani?" nikamuuliza.

"Na mume wako, Nurto. Jana kisimani."

Mpwa wake Dubow, mchumba wa Shukri, alikuwa amemjia mume wangu Abdow kwa nyuma, akamgusa bega ili amwamkie kwa heshima. Abdow akageuka na ndoo. Jino likatoka. Sikatai, lilitoka. Lakini nani kwetu asiyejua kwamba Abdow haguswi kwa nyuma tangu arudi kutoka Bama, alikopelekwa vitani na Keya, jeshi la Waingereza?

"Mtoto wa nyoka ni nyoka," Alio akasema. "Sisi wafugaji hatuchagui dume kabla ya kumjua mama yake. Ukali uko kwenye damu. Siutaki kwa wajukuu zangu."

Yarabi! Nikapiga ukelele, "Rage!" mpaka shemeji yangu akatoka zizini na povu la maziwa mikononi.

Rage na Abdow ni mapacha. Uso mmoja, mwanya mmoja, hata mama yao aliwafunga nyuzi za rangi mbili asije akamnyonyesha mmoja mara mbili. Ujanani Rage ndiye aliyekuwa moto. Neno dogo tu, fimbo. Abdow alikuwa maji ya mtungini. Basi chifu alipotaka kijana mmoja kila boma aende vitani, baba yao akasema: mchukueni Abdow, huyu mpole hatatuletea aibu. Wakamchukua mume wangu, na Shukri hajatimiza miaka mitatu.

"Mwangalie huyu!" nikamwambia Alio. "Tumbo moja, ziwa moja, damu moja. Mkali wenu wa zamani leo anakamua ngamia huku akiwaimbia. Mpole wenu alilala miaka kwenye matope, watu wakimnyemelea kwa visu. Haya, nionyeshe nyoka ni yupi!"

Rage akajifuta mikono. "Mzee Alio, ningepelekwa mimi, ningerudi mbaya kuliko yeye. Moto ule bado ninao. Ila huku hakuna aliyeupuliza."

Alio akakuna ndevu. Nilimwona anayumba, nikajua nimempata, na hapo ndipo ujinga uliponiingia.

"Tabia si damu!" nikafoka. "Ni maisha! Hata mimi, nisiye na tone la damu ya Abdow, nilikuja hapa bibi harusi asiyesikika. Leo nikisema nasikika ng'ambo ya Tana! Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo!"

"Ahaa," Alio akasema polepole, huku akifungua kamba ya ngamia. "Na huyu Shukri amelelewa nyumba ya nani miaka hii minane tangu baba yake arudi?"

Mdomo huponza kichwa, na wangu ulimponza binti yangu. Nilitaka kumrukia mzee yule. Nilimtukana yeye, nikamtukana babu yake, nikamtukana na huyo ngamia.

Kwa makelele yale Abdow akatoka ndani, fimbo juu, macho yanatazama mahali ambapo sisi hatupo. Rage akarudi nyuma. Alio akajibanza kwa ngamia. Na Shukri huyo anatoka kuteka maji, anakuja nyuma ya baba yake!

Shukri akakohoa. Mara mbili, kwa mbali. Akatua maji chini, akazunguka kwa upana mpaka baba yake akamwona usoni, mikono yake ikiwa wazi.

"Aabo, ni mimi, Shukri. Tuko nyumbani. Umekunywa chai?"

Sauti ile niliijua. Ndiyo sauti ya Abdow aliyenioa, kabla ya Bama. Sikuwa nimeisikia nyumbani kwangu miaka yote hiyo, maana nilikuwa nafoka mimi. Fimbo ikashuka. Shukri akaipokea kwa mikono miwili, akamkalisha baba yake kivulini.

Alio alikuwa bado ameshika kamba. "Nani alikufundisha kukohoa hivyo, mwanangu?"

"Hakuna, adeer. Nimekaa naye tu."

Mzee akaitazama kamba ile, halafu akaifunga tena palepale alipoifungulia. Samahani hakusema, na mimi mpaka leo sijamsamehe. Akaondoka hata chai hakunywa. Mate yalinijaa mdomoni. Nikavuta pumzi nimsindikize na tusi la mwisho, alisikie mpaka kwao.

"Mama," Shukri akasema taratibu, mkono wake uko kwenye goti la baba yake. "Teremsha sauti. Wewe ndiye unayemtisha."