Tambi za Walter

Absalom alifika muda mfupi kabla ya saa sita mchana. Pikapu ya kukodi aliiacha barabarani, maana isingepita kwenye vichochoro vya mtaa wa Nyalenda. Kageha alimwona kutoka mlangoni akiruka mitaro, kofia mkononi, akajua kilichomleta. Walter, ndugu yake Absalom aliyeishi na Kageha, alikuwa amelala kitandani tangu Machi, na sasa ilikuwa Agosti, mwaka wa tisini na tatu.

"Shemeji, nimekuja kumchukua," Absalom alisema kabla hata ya kuketi. "Mama amesema arudi nyumbani Awasi. Hapa anakufa tu."

"Hafi. Ni vile hali chakula. Akila atapata nguvu."

"Mara ya mwisho alikula lini?"

Kageha alihesabu siku. Ilikuwa Jumapili, vijiko vitatu vya uji, na leo ilikuwa Alhamisi.

Walter aligeuza kichwa juu ya mto. Alikuwa fundi wa mashua kule Dunga, mtu wa kubeba ubao mzima begani peke yake; sasa hata blanketi lilimlemea. "Kageha," alisema, "nipikie zile tambi za Mchina. Nitakula."

Kwa miaka minne Kageha alikuwa mpishi wa mhandisi mmoja Mchina huko Milimani, na mke wa mhandisi ndiye aliyemfundisha kuzikaanga. Kila Jumamosi alirudi na bakuli lililofungwa kitambaa, na Walter alilimaliza akiwa amesimama, vumbi la msumeno bado nyweleni. Kisha Wachina wakarudi kwao.

"Akila, utamwacha?" Kageha alimwuliza Absalom.

Absalom alitazama saa yake. "Dereva ananingoja mpaka saa saba na nusu. Akila, tutaongea."

Haikuwa ahadi, lakini Kageha aliishika kama ahadi.

Aliwasha makaa, akayapepea kwa mfuniko wa sufuria mpaka yakaiva mekundu. Alichemsha tambi, akazichuja zikiwa bado ngumu kidogo, akazipaka mafuta zisishikane. Alikata kabichi nyembamba kama nyuzi, karoti moja, na nusu ya pilipili hoho aliyoiomba kwa jirani yake Nabalayo. Sosi ya soya ilikuwa imebaki kidogo tu chini ya chupa. Aliisuuza chupa kwa maji, akayatumia hayo pia. Karai lilipoanza kutoa moshi akatupia tangawizi na kitunguu saumu, kisha mboga, akageuza, kisha tambi, akageuza, akavunja yai pembeni, akaizungusha sosi ukingoni mwa karai. Mikono haikuwa imesahau kitu. Harufu ilijaa chumba, na kwa zile dakika chache Kageha hakuogopa.

Alipakua sahani mbili, maana mgeni hanyimwi.

Walimkalisha Walter, mto mgongoni. Alishika uma mwenyewe. Lile tonge la kwanza alilitafuna muda mrefu, macho ameyafumba.

"Ndizo zenyewe," akasema.

Akala la pili, la tatu, la nne. Absalom naye alikula haraka, kama mtu aliyesafiri bila chai, na alipogundua amemaliza aliisukuma sahani chini ya stuli kwa aibu.

Machozi yalianza kumtiririka Walter. Koo lake lilikuwa na vidonda vyeupe. Kageha aliviona kila asubuhi alipomsafisha kinywa. Tangawizi ilikuwa ikimchoma, naye hakusema.

"Inatosha, pumzika kidogo."

"Ngoja," alisema, akajaza uma tena. Alikula kama mtu anayepanda mlima. Kisha yote yakarudi, juu ya blanketi na juu ya mikono yake, pamoja na damu kidogo.

Kageha alipangusa upesi. "Nilitia tangawizi nyingi. Nitapika nyingine bila tangawizi. Dakika kumi tu, shemeji. Kumi."

Absalom alitazama ukuta.

"Wadhi," Walter alimwambia kaka yake kwa Kijaluo. Twende. Hakumtazama Kageha.

Kageha alivaa viatu. Absalom akasimama mlangoni.

"Wewe baki kwanza."

"Nibaki vipi? Nimeishi naye miaka saba."

"Najua. Lakini hatukuja kwenu kukuposa, na hakuna mtoto. Mama anasema ni chira, mila zilizovunjwa ndizo zinammaliza. Ukishuka kwa hiyo gari atakufukuza mbele ya Walter. Unataka aone hayo?"

Kageha alimtazama Walter, akingoja amkatalie kaka yake. Walter alikuwa amefumba macho.

Absalom alimbeba mgongoni mwenyewe. Kageha alifuata na blanketi safi hadi barabarani, akamfunika pale nyuma ya pikapu, akamchomekea kila upande asipigwe na upepo. Gari likaondoka.

Mwishoni mwa Septemba, sokoni Kibuye, mama mmoja muuza mtama kutoka Awasi alimwambia kwamba Walter alizikwa wiki mbili zilizopita, siku ya Jumamosi. Watu walikuwa wengi, alisema, na kwaya iliimba vizuri.

"Walimzika upande gani wa boma?" Kageha aliuliza, maana upande wa kaburi ndio ungemwambia kama walimhesabu mtu mwenye mke.

Yule mama alifikiri. "Sikuangalia," alisema. "Mvua ilikuwa inanyesha."